Dakika Sita za Mazishi

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi mimi hupandisha bendera. Mlingoti uko mbele ya ofisi ya kijiji cha Isengwa na kamba yake imechakaa, kwa hiyo huivuta polepole, mkono baada ya mkono. Anayepita wakati huo husimama wima mpaka bendera ifike juu. Sikuwaagiza, nilipoletwa hapa kuwa mtendaji wa kijiji nilikuta ndivyo wanavyofanya. Naona haya kidogo, kwa sababu mara nyingine ni wazee wenye majembe begani, nao wanasimama mbele ya msichana wa miaka ishirini na sita.

Jumanne ile aliyesimama alikuwa Paskazia, mke wa Masele, ameshika kidumu cha maziwa yangu. Bendera ilikuwa imefika katikati simu ilipoita mfukoni. Nikaiacha. Ikaita tena. Ilipoita mara ya tatu nikaifunga kamba ilipofikia, nikapokea.

"Wewe ndiye mtendaji wa Isengwa?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Ni Sabiri, kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya. Umeiona video?"

"Video gani, mheshimiwa?"

"Ya hao wafugaji wako wanaozuia watu kuzika. Nimepigiwa simu kutoka Dodoma kabla hata ya kuswali. Jambo limetokea kwangu na mimi ndiye wa mwisho kulijua. Itazame, halafu unipigie."

Pale mlingotini ndipo mtandao unaposhika vizuri. Sikuhitaji kutafuta. Rafiki zangu wanne walikuwa wamenitumia, kila mmoja akiuliza kama ni huku kwangu. Juu yake pameandikwa: "Wafugaji wavamia mazishi Tabora kwa panga." Walioitazama walikuwa laki saba. Chini mtu alikuwa ametafsiri maneno kwa Kiingereza, na mwingine kwa maandishi ambayo hata sikuyajua ni ya nchi gani.

Ilikuwa ya sekunde arobaini na moja. Masele amesimama ndani ya kaburi, kifua wazi, panga juu. "Hazikwi mtu hapa," anasema. "Wanyamwezi mmekwisha. Mmebaki vibibi tu, na vyenyewe ndiyo hivi vinakufa. Watoto wenu wamekimbilia Dar, mashambani mwenu wanalala ng'ombe wangu. Anayetaka kuzika asogee, nianze kumzika yeye." Halafu picha inakatika.

Nilijua itakatikia wapi. Niliikata mimi.

"Mtendaji," Paskazia akaniita. Bado alikuwa amesimama wima. "Nani amekufa?"

Nikatazama juu. Bendera ilikuwa nusu mlingoti.

"Hakuna," nikasema.

"Basi naweza kuyaweka chini maziwa?"

* * *

Aliyekuwa amezikwa Jumamosi ni mama yake Mzee Lugembe, mwenyekiti wetu wa kijiji. Lugembe ni Mnyamwezi, mkulima wa tumbaku. Masele ni Msukuma aliyetoka Ziba na ng'ombe wake miaka sita iliyopita, yeye na kaya nyingine sita, wakifuata majani. Hao wawili ni watani. Wazee wanasema utani huo umekaa kwenye njia hii tangu zama za misafara ya kwenda Ujiji, wakati watu wa makabila walipokutana barabarani na kila mmoja ana mkuki. Wakaona heri tusi lisilojibiwa kwa mkuki. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Na msiba ukiingia, mtani ndiye mwenye kazi: huiga sauti ya marehemu, huficha majembe, hulala kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe.

Masele alikataa kutoka. Katekista, ambaye ni mzaliwa wa hapa, alifunga kitabu chake akasubiri. Lugembe akasogea na kuku jike amemshika miguu. "Toka humo, mchunga mbu wewe." Masele akamtazama kuku. "Mmoja? Mama yako alikuwa mzito vile, unamlipia kuku mmoja?" Watu wakacheka, hata mabinti wa marehemu waliokuwa wakilia tangu alfajiri. Akaletwa kuku wa pili. Masele akatoka, akachukua beleshi, akafukia yeye wa kwanza. Alipofika nusu akageuza mgongo na kulia mpaka ikabidi ashikwe, kwa sababu bibi yule ndiye aliyempa mahali pa kujenga siku alipofika na watoto wamelowa mvua.

Yote hayo niliyapiga video. Nilisimama karibu na katekista, nikaona ni jambo zuri ambalo kwetu mjini, Cheyo, sikuwahi kuliona. Jioni Tatu, niliyesoma naye chuo, aliniuliza kutoka Dar tunajiburudisha vipi huku porini. Bando langu lilikuwa limebaki kidogo. Nikakata sekunde arobaini na moja za kuchekesha, nikaandika, "Huku mazishi ni sinema," nikamtumia.

Tatu akaiweka kwenye ukurasa wake. Wengine wakaichukua, na kila aliyeichukua aliibadilishia maneno ya juu.

Asubuhi ile ya Jumanne nilimpigia hata kabla ya kumrudia Bwana Sabiri.

"Shoga, nimeshaifuta," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilifuta jana usiku. Lakini wameshaisambaza."

"Basi nikutumie yote uiweke. Mwisho wake wanacheka. Analia."

"Dakika sita? Hafsa, nani atatazama dakika sita? Siku hizi watu hawatazami hata za harusi zao."

* * *

Bwana Sabiri alifika saa nane mchana na gari moja la polisi. Ni mtu mnene, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alikuja na msichana wa umri wangu aitwaye Eustadia, aliyekuwa na kishikwambi cha kujazia taarifa. Masele walimkuta joshoni anaogesha ng'ombe. Hakubisha. Aliomba tu avae shati.

"Utatumia jipya la msibani?" Lugembe akamwambia. "Mahabusu kuna chawa, vaa la zamani."

"La zamani nimekuachia wewe," Masele akajibu, akipanda gari. "Uwe na la kuoshea vyombo."

Watu wawili wakacheka. Polisi mmoja akawatazama, wakanyamaza.

Ofisini Bwana Sabiri akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama.

"Nani alipiga hii video?"

Eustadia akainua macho kutoka kwenye kishikwambi. Simu yangu ilikuwa mezani, mbele yake, imelazwa kifudifudi. Nilifikiria mama anayeshona kanzu chini ya taa ya chumbani Cheyo, na mdogo wangu Sadiki ambaye ada yake ni mshahara wangu. Nilifikiria barua yangu ya ajira: nilikuwa nimebakiza miezi minne ya majaribio, na kuna waraka tulioupokea wote, unaosema mtumishi atakayesambaza picha za kuleta taharuki atafanywa nini.

"Sijui, mheshimiwa," nikasema.

Uongo wangu ulitoka kwa sauti ileile ninayosemea kila kitu, ndogo na ya adabu, na akauamini.

"Vijana," akasema. "Polisi watapita nyumba kwa nyumba waangalie simu zao. Sasa nikueleze, binti yangu. Naujua utani, nimezaliwa nchi hii. Lakini zamani jambo likitokea hapa lilikuja mezani kwangu, nikalipima, nikalipeleka juu. Siku hizi linaanzia juu, linanidondokea kichwani. Video inakwenda kwa sekunde, mimi nakwenda kwa gari lenye tairi la kiraka. Nikifika nakuta watu milioni wameshahukumu. Kilichobaki kwangu ni mhuri tu."

"Lakini kama si kweli?"

"Nipe kitu cha kuonyesha kwamba si kweli. Si maneno. Maneno ninayo ya kutosha." Akafuta uso. "Agizo ni kwamba kaya zilizokuja na mifugo zirudi zilikotoka kabla ya Jumamosi. Wewe unaandaa orodha. Kwenye daftari lako wako vipi?"

"Wakazi wa muda."

"Miaka sita?"

"Ndivyo nilivyokuta wameandikwa. Nikaambiwa nisibadilishe."

"Basi imetusaidia," akasema, lakini hakuonekana kama mtu aliyesaidiwa.

* * *

Jumatano magari ya kubebea tumbaku hayakuja. Ilikuwa siku ya soko, na mabelo, yale marobota ya tumbaku, yalikuwa yamepangwa ghalani mwa chama cha msingi cha ushirika tangu usiku, kila moja na lebo yake. Saa nne karani wa chama akatoka na simu mkononi. Kampuni imesema inasubiri. Si kampuni yenyewe, akaeleza. Ni wale wanaonunua kwa kampuni, huko ng'ambo. Wana kanuni yao, hawachukui mzigo kutoka sehemu yenye mapigano.

"Mapigano gani?" Lugembe akauliza.

"Yako hapa," karani akasema, akamwonyesha simu. "Wameona."

Lugembe alitazama kaburi la mama yake kwenye kioo kidogo, na yule mtani wake ndani yake. Nyuma yake wakulima walikuwa wamekaa juu ya mabelo yao. Huo ni mwaka mzima wa kazi: kitalu, kupanda, kuvuna, kulala mlangoni mwa bani la kukaushia ili moto usizime. Mmoja akasema, si kwa hasira, "Kama wakiondoka ndiyo magari yaje, basi waende tu. Watarudi baadaye." Mwingine akasema kwamba hata hivyo ng'ombe wao waliwahi kuingia kwenye mahindi yake. Wa tatu akakumbuka shamba la kaka yake.

Niliwasikiliza. Hawakuwa wamegombana. Sasa walikuwa wanatafuta ugomvi ili ufanane na video.

Jioni nilimkuta Paskazia kisimani. Siku nyingine wanawake wangemwuliza kama ameacha kunuka samli, naye angewauliza kama waume zao bado wanaogopa ng'ombe. Siku hiyo walimpisha. Walimwambia, "Chota, mama," kwa heshima, wakatazama pembeni. Hilo ndilo lililonitisha kuliko polisi. Hakuna aliyemtania.

Akanisogelea na ndoo kichwani.

"Mtendaji, nifunge vyombo, au nisubiri?"

"Subiri kidogo, dada."

"Maana nina ndama wawili wachanga. Hawawezi kutembea mpaka Ziba. Nikijua mapema nitawauza."

"Subiri," nikasema, nikiangalia ndoo yake badala ya uso.

Usiku huo niliandika orodha. Kaya saba, kila moja na idadi ya watu na mifugo. Nilipofika kwa watoto nikakuta wanane kati yao nimewaandikia mimi mwenyewe hati za kuanza shule. Nusu ya darasa la kwanza la Isengwa ni watoto wa kaya hizo. Watoto wa Lugembe wako Dar na Kahama, na wajukuu zake anawaona kwenye simu.

* * *

Mkutano ulikuwa Alhamisi saa nne, kwenye banda la kuchambulia tumbaku, maana ndilo lenye kivuli cha kutosha. Bwana Sabiri alikaa meza kuu, Eustadia kando yake, mimi mwisho wa meza na orodha yangu. Wakulima walikaa kwenye madawati. Paskazia na wanawake wa kaya nyingine sita walikaa chini, nyuma kabisa, watoto mapajani.

Eustadia alikuwa akijaza taarifa hapohapo. Kishikwambi kilikuwa na maswali yenye vijisanduku, na niliviona kutoka nilipokaa. Chanzo cha mgogoro: ardhi, kabila, dini, siasa. Ukishachagua unabonyeza, taarifa inakwenda, na hairudi. Bwana Sabiri mwenyewe alisema hivyo, ili watu wajue uzito.

"Mzee Lugembe," akasema, "wewe ndiye mfiwa. Sema wewe. Huyo bwana Masele alikuzuia kuzika?"

Lugembe akasimama. Alivaa koti lake la kanisani. Nilimwombea moyoni aseme vizuri, na naamini alikusudia kusema vizuri. Lakini akageuka, akawaona wanawake wale kule nyuma wameinamisha vichwa, na kikamtoka kile ambacho kingemtoka mtu yeyote wa Isengwa akimwona mke wa mtani wake anataka kulia.

"Huyo Masele mwacheni mahabusu mwaka mzima," akasema. "Ng'ombe wake nitawachunga mimi, tumboni. Na huyu mkewe nitamrithi, ingawa hajui kupika."

Paskazia akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne aliguna, nusu kicheko. "Urithi na meno yenyewe huna, babu. Nitakutafunia?"

Banda zima likacheka. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Hata Bwana Sabiri alitabasamu. Ni Eustadia peke yake aliyekuwa akiandika, haraka, kwa vidole viwili. Nikasoma alichoandika: *Mwenyekiti ametishia kuchukua mifugo na mke wa mtuhumiwa.*

"Usiandike hiyo," Bwana Sabiri akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nimeshaihifadhi, mheshimiwa. Na utani niuweke wapi? Hapa kuna ardhi, kabila, dini na siasa."

Bwana Sabiri akakitazama kishikwambi. Halafu akawageukia watu, na tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Wazee wangu, naona. Nawaona na nawaelewa. Lakini wanaonisubiri hawako kwenye banda hili. Polisi wamepekua simu thelathini na nne, hakuna hata moja yenye video nzima. Saa sita natakiwa niseme nimefanya nini. Sina cha kuwaonyesha isipokuwa hatua." Akaivuta orodha, akaisoma yote kwa macho, akaisukuma mbele yangu. "Weka kabila," akamwambia Eustadia. "Mtendaji, saini, tutume kabla mtandao haujaondoka."

Kidole cha Eustadia kikasogea juu ya kioo, kikasubiri.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Majina yalikuwa kwa mwandiko wangu, mistari imenyooka, la kwanza Masele. Chini kulikuwa na nukta za saini. Simu ya thelathini na tano ilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu, hakuna aliyefikiria kuniomba. Niliwaza kwamba nikisaini, hakuna atakayejua kamwe. Tatu hatasema. Ningekwenda likizo Cheyo, mama angenipikia pilau na kuwaambia majirani mwanawe ni serikali.

Nikasimama. Shuleni nilikuwa yule ambaye mwalimu akimwita jina hutazama sakafu mpaka kengele ilie.

"Mheshimiwa," nikasema.

"Sauti, mtendaji," mtu akasema kutoka madawatini. "Huku hatusikii."

"Ana koo la Kiarabu huyo wa mjini," mwingine akasema. "Mpeni maji." Wakacheka kidogo, kwa wema, na nikajua wananitania, mimi, kwa mara ya kwanza tangu nije.

"Video niliipiga mimi," nikasema.

Kicheko kikakatika. Bwana Sabiri aliinua mkono kumzuia Eustadia, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Unajua unachokisema, binti? Hapa mbele za watu? Unajua nitalazimika kukifanyia nini?"

"Najua."

"Basi kaa kwanza, tutazungumza ofisini."

Ningependa sana kukaa. Nikatoa simu, nikaiweka juu ya orodha.

"Niliipiga mimi, nikaikata mimi, nikampelekea rafiki yangu kwa sababu ilinichekesha. Ulipouliza nilikudanganya, nikawaacha siku tatu mnapekuana. Nzima ninayo humu, dakika sita. Masele hakuzuia mazishi. Alilipwa kuku wawili, akamzika bibi kwa mikono yake, akalia kuliko sisi wote. Mimi naogopa kazi yangu, mheshimiwa, naogopa sana, lakini kaya hizi saba ni za Isengwa, na karatasi hii siisaini."